Jinsi mfuko wa jamii unavyogawa ruzuku: mwongozo kwa vikundi na asasi ndogo

Mkitaka kujua andiko lenu la kuomba ruzuku litafika wapi, fungueni ukurasa wa bajeti. Wajumbe wengi wa kamati ya ruzuku huanzia hapo kusoma, hata kama hawatawaambia. Maelezo ya tatizo hufanana kijiji hadi kijiji: maji yako mbali, watoto wa kike wanakosa masomo, vijana hawana kazi. Bajeti ndiyo inayoonyesha kama kikundi kilikaa chini kikafikiri, au kilinakili andiko la jirani na kubadilisha jina la kata.

Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo, kwa hiyo nitafuata njia ambayo andiko hupita tangu linapopokelewa mpaka ruzuku inapofungwa, na kila hatua niseme kinachotazamwa na wanaogawa. Nazungumzia zaidi asasi za Tanzania. Wa Kenya watakuta hatua zilezile, ila ofisi na majina ya sheria ni mengine.

Jueni kwanza mnaomba kwa nani

Mfuko wa jamii ni taasisi binafsi inayokusanya fedha kwa ajili ya eneo fulani na kuzigawa kwa asasi zinazofanya kazi eneo hilo. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff. Watu walikuwa wakiacha mali kwa wosia kwa shughuli za hisani, miaka ikipita wosia unapitwa na wakati na fedha inakaa bila kazi. Goff akaona mali hizo ziwekwe pamoja, na kamati ya wenyeji iamue zitumike wapi kadiri mambo yanavyobadilika. Afrika Mashariki, Kenya Community Development Foundation ilianza mwaka 1997 na imesisitiza sana kwamba jamii ichange kwanza, ndipo mfuko uongeze. Kwetu, Foundation for Civil Society yenye makao Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za nchi nzima. Huo si mfuko wa mji mmoja, lakini mengi nitakayoyaeleza mtayakuta huko pia.

Msichanganye mfuko wa namna hii na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania), ambayo ni ya serikali, wala na fedha za asilimia 10 za halmashauri, zile za nne-nne-mbili kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Za halmashauri ni mkopo, zinarejeshwa. Ruzuku hairejeshwi, lakini inatolewa maelezo mpaka shilingi ya mwisho.

Kuna hesabu moja ambayo waombaji wachache huifanya. Mifuko mingi ina mtaji wa kudumu usioguswa, kinachogawiwa ni sehemu ya faida tu. Tuseme mfuko una shilingi milioni 400 zilizowekwa kwenye hati fungani za serikali au kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, na bodi imeamua kutumia asilimia 5 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 20, kwa wilaya nzima. Kikundi kinacholeta ombi la milioni 18 kinawaambia wajumbe wavinyime vikundi vingine vyote. Ulizeni mapema: dari ya ruzuku ni kiasi gani, na mwaka jana walipewa wangapi? Mfuko unaojiheshimu utawajibu.

Hatua ya 1: Makaratasi yakae tayari kabla ya mwito

Mwito wa maombi hukaa wazi wiki chache tu, na mkianza kutafuta cheti baada ya tangazo mmeshachelewa. Asasi nyingi husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO) Na. 24 ya mwaka 2002. Vikundi vidogo hutambuliwa na halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii, jumuiya huwa chini ya Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na bodi za wadhamini ziko RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini. Baadhi ya asasi bado zinaleta cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni, pekee. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kampuni yenye ukomo wa dhamana inayofanya kazi za NGO inatakiwa iwe kwa Msajili wa NGO, kwa hiyo karatasi hiyo peke yake haitawasaidia.

Wekeni kwenye faili moja: cheti, katiba, namba ya mlipakodi, orodha ya viongozi walioko madarakani sasa, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, ripoti ya mwaka mliyopeleka kwa Msajili pamoja na risiti ya ada, na muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba ruzuku hii. Asasi kubwa kidogo wataombwa hesabu zilizokaguliwa. Kikundi kidogo mara nyingi kinakubaliwa na taarifa ya mapato na matumizi iliyosainiwa, ilimradi inalingana na taarifa ya benki. Hapo ndipo wengi hukwama. Taarifa inasema ada za wanachama ni laki sita, benki inaonyesha laki moja na nusu. Huenda hakuna aliyeiba, fedha ilitumika mkononi kabla ya kupelekwa benki. Kamati haiwezi kulijua hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kikundi bila daftari hukosa ruzuku vilevile.

Akaunti iwe ya kikundi. Akaunti ya mwenyekiti, au namba ya simu ya katibu, haipokei ruzuku.

Hatua ya 2: Someni mwito kama mkataba

Soma mara ya kwanza kujua unahusu nini, mara ya pili ukiwa na kalamu. Pigieni mstari eneo, walengwa, kiwango cha juu, muda wa mradi na vitu visivyofadhiliwa. Mifuko mingi hailipii madeni ya nyuma, shughuli za kueneza dini, siasa za vyama, wala ununuzi wa ardhi. Kama mwito unasema elimu ya awali na ninyi mnafuga nyuki, msijaribu kuwaweka watoto kwenye mizinga. Subirini mwito mwingine. Kamati hukumbuka jina la asasi ambayo kila mwaka ina mradi unaofanana kabisa na tangazo.

Mifuko mingine huanza na andiko fupi la kurasa mbili tatu, kisha huita wachache waandike andiko kamili. Hilo fupi lichukulieni kwa uzito, kwa kuwa hapo ndipo wengi hubaki.

Pigeni simu ofisini, ulizeni maswali. Ni haki yenu, na maofisa hupenda kuulizwa kabla kuliko kulaumiwa baadaye. Msichopaswa kufanya ni kwenda nyumbani kwa mjumbe wa kamati jioni "kumsalimia". Mji ni mdogo, habari zitafika, na mjumbe mwenye akili atalazimika kujitoa siku ya andiko lenu. Mtakuwa mmempoteza mtu aliyewafahamu vizuri.

Hatua ya 3: Andiko, na hasa bajeti

Sehemu ya maelezo iwe fupi na ya mahali penu. Badala ya "wasichana wengi hukosa masomo kutokana na ukosefu wa vyoo", andikeni shule ina wasichana wangapi, matundu mangapi, na mwalimu mkuu anasema nini kuhusu mahudhurio kwenye daftari lake. Mwongozo wa kawaida kwa shule zetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mkisema shule ina wasichana 240 na matundu manne, msomaji anapiga hesabu mwenyewe, anaona pengo la matundu manane, na hahitaji kushawishiwa.

Sasa bajeti. Hebu tutazame mstari mmoja kama unavyoonekana mezani:

Mafunzo kwa wanufaika: 4,800,000

Basi, hakuna zaidi. Mjumbe anachukua kalamu na kuupasua mwenyewe pembeni mwa karatasi. Washiriki 30 kwa siku 2, chakula cha 8,000 kila mmoja kwa siku: 480,000. Nauli 5,000 kila mmoja kwa siku: 300,000. Ukumbi wa 50,000 kwa siku 2: 100,000. Mwezeshaji wa 120,000 kwa siku 2: 240,000. Daftari na kalamu, 2,500 kwa kila mtu: 75,000. Jumla 1,195,000. Kisha anainua kichwa na kuuliza wenzake: hii milioni tatu na laki sita iliyobaki ni ya nini? Hakuna anayeweza kumjibu, kwa kuwa ninyi hampo. Pengine mlikuwa na jibu zuri. Mlipanga awamu nne za mafunzo kwenye vijiji vinne, jumla 4,780,000, mkaikamilisha iwe namba nzima. Kama mngeandika hivyo, mstari ungepita bila neno. Sasa umetia shaka mistari mingine yote.

Kwa hiyo kila mstari uonyeshe idadi, kipimo, bei ya kimoja na jumla. Kwa vifaa vya bei kubwa pateni ankara kifani (makadirio ya bei kabla ya kununua) tatu za maduka tofauti, zenye tarehe. Maduka tofauti kweli: kamati imeshaona ankara tatu zenye majina matatu na mwandiko mmoja. Bei ziwe pamoja na VAT na usafiri mpaka eneo la mradi, maana simenti ya mjini na simenti iliyofika kijijini hazina bei moja.

Vitu vinavyosahaulika kila mara ni makato ya benki, gharama za miamala ya simu, fundi wa kuunganisha kifaa baada ya kukinunua, na kodi ya zuio. Mkipanga ofisi, kwa mfano, asilimia 10 ya pango mnaizuia na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba asipoelezwa mapema atataka mumlipe kamili, na tofauti itatoka mifukoni mwenu.

Gharama za uendeshaji ziandikeni waziwazi. Mfuko ukiweka ukomo wa asilimia 10 au 15, ombeni hiyo hiyo bila aibu. Asasi haiendeshwi na hewa. Linalokera ni kuzificha, mishahara ikaitwa "ufuatiliaji" na kodi ya ofisi ikaitwa "uhamasishaji". Na posho: semina ya wanakijiji 30 yenye posho kwa viongozi 9 wa kikundi wanaokaa kijiji kilekile itakatwa, na itaacha harufu.

Mchango wenu nao uthaminiwe kwa shilingi. Nguvu za wananchi ni fedha. Tripu 4 za mchanga kwa 120,000 ni 480,000. Vibarua 20 wa kuchimba msingi kwa siku 3 wanahesabiwa kwa bei ya kibarua ya hapo kijijini. Ambatanisheni muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokubali kuchanga, wenye mhuri wa mtendaji. Wajumbe wanaujua mchango wa kwenye karatasi. Muhtasari wenye mahudhurio na saini huutoa mchango wenu kwenye kundi hilo.

Hatua ya 4: Mchujo na alama

Mkishawasilisha, ofisa wa ruzuku hukagua kama kila kilichotakiwa kipo. Hapo hakuna huruma. Andiko lililofika saa mbili baada ya muda, au lisilo na saini, linawekwa kando hata kama ni zuri, kwa sababu likipokelewa moja waliowahi watakuwa wamedhulumiwa.

Yanayobaki hupewa wasomaji wawili au watatu, kila mmoja akisoma peke yake. Mizani hutofautiana, ila mgawanyo kama huu si mgeni: tatizo na walengwa alama 20, mpango wa kazi 25, bajeti 25, uwezo wa asasi 15, ushiriki wa jamii na uendelevu 15. Wasomaji wakipishana sana, mmoja 80 na mwingine 45, andiko husomwa na mtu wa tatu au hujadiliwa mpaka ijulikane kila mmoja aliona nini.

Fomu ikitaja alama hizo, igeni mgawanyo wake mnapoandika. Sehemu yenye alama 25 haistahili aya moja.

Kuhusu uendelevu, "mradi utaendelezwa na jamii" ni sentensi tupu. Nani atafunga bomba likipasuka, atalipwa na nani? Kama kamati ya maji itatoza shilingi 50 kwa ndoo, semeni hivyo, na semeni nani anashika daftari.

Hatua ya 5: Ziara ya uhakiki

Maandiko yaliyofaulu hutembelewa. Kwa maoni yangu ziara ina nguvu kuliko alama zote, na ndiyo hatua ambayo vikundi hujiandaa vibaya: vinapika pilau, vinaalika ngoma, vinashona sare. Wageni wamekuja kuona vitu vingine.

Wataomba daftari la mihtasari. Wataangalia kama vikao vya mwaka mzima vimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko usiochoka, ishara kwamba viliandikwa juzi usiku. Watamwuliza mweka hazina maswali ya fedha, na mwenyekiti akimjibia kila swali, hilo nalo litaandikwa. Wataomba kuwaona watia saini wote wa benki. Watamwuliza mwanachama wa kawaida mradi ni wa shilingi ngapi. Asipojua kabisa, ina maana andiko ni la watu wawili.

Halafu, wakati mnadhani wameondoka, mmoja wao atasimama kwa mama anayeuza vitumbua karibu na shule na kumwuliza kama anakifahamu kikundi. Pia watapita kwa mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa. Mtu wa serikali ya mtaa anayesikia jina lenu kwa mara ya kwanza siku hiyo ni pigo kubwa.

Jiandaeni kwa kuwa kama mlivyo. Kama kuna mgogoro wa uongozi, au fedha ya mfadhili wa zamani ina hoja ya ukaguzi haijajibiwa, lielezeni ninyi kabla hawajalisikia kwa mama wa vitumbua. Kamati husamehe shida iliyoelezwa.

Hatua ya 6: Kamati na bodi

Kamati hukaa ikiwa na alama, ripoti ya ziara na kiasi kilichopo. Jambo la kwanza ni kutangaza maslahi. Mjumbe ambaye shemeji yake ni katibu wa asasi inayoomba anasema hivyo, anatoka nje wakati wa kuijadili, na muhtasari unaandika kwamba alitoka. Kwenye mji ambao kila mtu ni ndugu wa mtu, hili hutokea karibu kila kikao, na si aibu. Aibu ni kunyamaza.

Baadaye fedha huanza kupungua. Mara nyingi kamati haimpi mtu alichoomba chote. Hukata mistari ya bajeti na kupendekeza kiasi kidogo. Kwa hiyo jueni mapema ni sehemu gani ya mradi inaweza kusubiri na ipi ikikatwa mradi wote unakufa. Mkipigiwa simu kuulizwa kama mnaweza kwa milioni 6 badala ya 9, jibu la "tutajitahidi" ni baya. Jibu zuri ni "kwa milioni 6 tutajenga matundu matano badala ya nane, tanki litabaki". Bodi huidhinisha mwishoni, na kwa kawaida haigusi mpangilio wa kamati bila sababu.

Mkikosa, andikeni barua fupi ya kuomba maoni. Mtajibiwa aya mbili pengine, lakini aya hizo ndizo za kuanzia mwakani.

Hatua ya 7: Mkataba na awamu za fedha

Someni mkataba mkiwa watu watatu kabla ya kusaini. Tafuteni haya: fedha inatoka kwa awamu ngapi na kila awamu ina sharti gani, ruhusa ya kuhamisha fedha kati ya mistari (mingi huruhusu mpaka asilimia 10, zaidi ya hapo ni barua), mali zitakuwa za nani, na salio lisilotumika linarudishwa lini. Kama mkataba unazidi shilingi milioni 20, kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10 hupita haraka kuliko mnavyodhani, kwa hiyo barua ya kuuwasilisha iandaliwe siku ileile ya saini.

Msitumie shilingi kabla mkataba haujasainiwa. Matumizi ya tarehe za nyuma hayatambuliwi, hata kama fundi alikuwa anaondoka.

Hatua ya 8: Kutumia, kuripoti, kufunga

Kila malipo yawe na hati ya malipo, risiti, na kibali cha aliyeidhinisha. Dukani daini risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Kwa mbeba mchanga asiye na mashine, andaeni fomu yenye jina, kazi, kiasi, namba ya simu na saini yake. Fedha aliyochukua mtu kwa safari irejeshwe maelezo ndani ya siku mlizokubaliana, la sivyo asipewe nyingine.

Ripoti ya robo mwaka iandikwe kwa kuilinganisha na bajeti mstari kwa mstari, na tofauti ielezwe. Mvua ikichelewesha ujenzi, toeni taarifa mapema, msisubiri tarehe ya ripoti. Awamu ya pili hucheleweshwa zaidi na ukimya kuliko na matatizo.

Mwishoni peleka orodha ya mali zilizonunuliwa, kila moja na namba iliyoandikwa juu yake kwa rangi isiyofutika, rudisheni salio kwa mfuko kupitia benki na mbaki na nakala ya muamala. Kisha dai barua ya kufunga ruzuku. Mifuko mingi haiitoi mpaka iombwe, na bila hiyo baadhi hawatapokea ombi lenu jingine. Ikija, iwekeni kwenye faili lile la hatua ya kwanza, mbele ya cheti cha usajili.